Ulimi wa Mzazi Mgonjwa

Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja Mkristo, mke wa mtu na mzazi wa watoto wanne. Jina lake na parokia yake hatuvitaji. Atuandikia kwamba yeye ndiye amtunzaye mama mkwe wake, mjane mwenye umri wa miaka 78, ambaye zamani alisifiwa na wote kwa upole wake na kwa ibada yake. Sasa bibi huyo amsimanga mkaza mwana mchana kutwa. Asema ameibiwa kanga na fedha. Usiku aamka, afungua mlango, aita watu waje washuhudie kwamba ametiliwa sumu katika uji. Majirani nao wamekwisha kuanza kunong'ona: wengine wasema bibi ana pepo, wengine wasema mkaza mwana ndiye mchawi, na wengine wasema mchawi ni bibi mwenyewe. Mwisho wa barua yake mama huyo auliza, "Padre, je, ni dhambi kwangu kutokumpenda tena?"

Barua hiyo tumeisoma mara tatu. Kwa idhini yake twaijibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa twajua si nyumba moja tu iliyotwishwa mzigo huo, na tena kwa kuwa sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili.

Miaka michache iliyopita, tulipokuwa wageni katika upadre, tuliitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo. Baba mzee alimshitaki mwanawe mbele yetu kwamba amemwibia fedha za kahawa. Mvi zake zilitutia heshima, na maneno yake yalipangika vema. Tukamwamini. Tukamkaripia kijana, tukamtaka apige magoti mbele ya baba yake aombe radhi kwa wizi ambao hakuutenda. Naye akapiga magoti. Haikupita wiki, fedha zikaonekana ndani ya debe la unga, alikozificha mzee mwenyewe. Katika seminari kuu tulisoma falsafa na teolojia miaka mingi, lakini jinsi ubongo wa mzee unavyougua hatukusoma hata saa moja. Huo si udhuru. Tungeweza kuuliza, nasi hatukuuliza.

Basi leo na tuulize. Ugonjwa huu ni nini?

Watu wengi wajua kwamba uzee huweza kuleta ugonjwa wa kusahau. Mzee asahau alikoweka funguo, kisha asahau njia ya shamba, kisha asahau majina ya wajukuu. Hilo lajulikana, na watu hulichukulia kwa huruma, hata kwa kucheka kidogo. Lisilojulikana ni kwamba ugonjwa huo huo, ambao waganga wauita dimenshia, haushiki kumbukumbu peke yake. Hushika pia hasira, hofu, usingizi, wivu na dhana mbaya juu ya wenzake. Pengine mambo hayo hutangulia, na kusahau kufuate nyuma. Hapo ndipo nyumba huvunjika. Maana mzee anayesahau huonekana mgonjwa, bali mzee anayetukana huonekana mbaya.

Tazama kisa cha mgonjwa yule ambaye kwake ugonjwa huu ulipata kujulikana kwa waganga. Katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 25 Novemba 1901, mwanamke aitwaye Auguste Deter aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Umri wake ulikuwa miaka 51 tu. Je, mumewe aliona nini kwanza? Si kusahau. Aliona wivu. Mkewe, waliyeishi naye kwa amani miaka mingi, alianza ghafula kumdhania uzinzi. Baadaye akawa anaficha vyombo, anazunguka nyumbani pasipo kujua afanyalo, na kupiga makelele akidhani watu wataka kumwua. Mganga Alois Alzheimer alimhoji siku kwa siku na kuandika majibu yake. Mama huyo alipofariki tarehe 8 Aprili 1906, ubongo wake ulipelekwa kwa Alzheimer, aliyekuwa amekwisha kuhamia München, naye akauchungulia kwa darubini. Akaona ubongo umesinyaa, akaona uchafu umejikusanya kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Tarehe 3 Novemba mwaka ule ule akawaeleza waganga wenzake waliokutana katika mji wa Tübingen. Yasemekana hawakumjali sana. Lakini tangu mwaka 1910 ugonjwa huo huitwa kwa jina lake.

Hebu tufikiri kidogo juu ya yule mume. Miezi mingi alisingiziwa jambo ambalo mkewe mwenye afya asingaliwaza kumsingizia. Kama asingalimpeleka kwa waganga, kama angaliamua kwamba mwanamke huyu amegeuka mbaya akamfukuza nyumbani, nani angalimlaumu? Na huku neno lile la wivu halikutoka katika moyo wa Auguste. Lilitoka katika ubongo unaoharibika.

Tangu siku hizo elimu imezidi kuingia ndani. Twajua sasa kwamba ubongo una walinzi wake, seli ndogo sana ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizipa jina la maikroglia mwaka 1919. Kazi yao ni kuzoa uchafu na kupigana na vijidudu. Kila mtu amewahi kuchomwa na mwiba: kidole huvimba, hupata moto, huwa chekundu, huuma. Uvimbe huo ni mwili ujiteteao, na mwiba ukiisha kutoka, moto nao hupoa. Ndani ya ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer mwiba hautoki. Uchafu ule alioutazama Alzheimer kwa darubini wabaki pale pale miaka mingi, na walinzi huendelea kuwaka wasipate kutulia, hata wao wenyewe wakaanza kuzidhuru seli walizowekwa kuzilinda. Katika nyama ya kidole moto huo huleta maumivu. Katika ubongo haumwumi mtu kwa namna hiyo, kwa maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Huonekana kwa njia nyingine.

Kwa njia gani? Hilo ndilo waganga wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walilolichunguza pamoja na wenzao, wakatoa habari zake mwezi Novemba 2023. Waliwapima wazee 109, wengine wenye akili timamu na wengine walioanza kuugua, kwa mashine ipigayo picha za ubongo ungali hai. Walitazama uchafu, walitazama zile nyuzi, tena walitazama kuwaka kwa walinzi. Kisha wakawauliza watu waishio na wazee hao: ana hasira? Ana fadhaa? Ana hofu? Wakaona kwamba pale walinzi walipowaka zaidi, ndipo taabu za tabia zilipozidi, na hasa hasira za ghafula. Na kwamba mwako huo ulifungamana na taabu hizo kuliko uchafu wenyewe na kuliko nyuzi. Wakaona na jambo la pili, nalo latugusa sana: mwako ndani ya ubongo wa mgonjwa ulifungamana pia na uchungu wa yule amtunzaye. Yaani mama aliyetuandikia anapolia jikoni usiku, machozi yake yana chanzo ambacho leo chaweza kupigwa picha.

Lazima tuseme ukweli wote. Kuona mambo mawili yakienda pamoja si sawa na kuthibitisha kwamba moja limezaa lingine, na waganga wenyewe wangali wakichunguza. Wala mtu asije akasoma gazeti hili akakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuondoa uvimbe, akidhani atapoza ubongo wa mama yake. Jaribio kubwa la dawa za namna hiyo, naproxen na celecoxib, kwa wazee wapatao 2,500, lilisimamishwa mwaka 2004, nazo hazikuonekana kuukinga ugonjwa. Tena vidonge hivyo huweza kuumiza tumbo, figo na moyo wa mzee. Vivyo hivyo dawa za kutuliza wenye wazimu. Mwaka 2005 serikali ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa hizo huzidisha vifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 onyo likaenezwa kwa dawa za zamani za aina hiyo. Pengine mganga huona hakuna budi kuzitumia, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Lakini kumpa mzee vidonge vya jirani ili alale na nyumba ipate kimya, hilo ni jambo la hatari kubwa.

Wengine watasema: hayo ni magonjwa ya Wazungu. Sivyo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, waganga walikwenda vijijini wakawachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, nao wakakuta kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia, yaani mmoja katika kila 16 hivi. Na Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye ugonjwa huu duniani kote mwaka 2021, ambao zaidi ya nusu yao waishi katika nchi zisizo tajiri. Ugonjwa tunao. Tulichokosa ni jina la kuuita, na palipokosekana jina la ugonjwa, watu wametia jina la uchawi.

Hapo twaomba wasomaji watuvumilie tukisema kwa ukali. Katika nchi yetu, hasa sehemu za Usukumani, na katika nchi jirani ya Kenya huko Kilifi, vikongwe wameuawa kwa mapanga na kwa moto kwa kusingiziwa uchawi. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini, na hiyo ikahesabiwa kuwa ushahidi. Bibi anayetoka nje usiku wa manane, asiyejua yuko wapi, anayesema peke yake, anayewatuhumu watu wa nyumba yake, huyo ni windo tayari. Na waliobatizwa wamo kati ya wanaonong'ona. Neno moja dogo kisimani, "Bibi yule usiku huzunguka," laweza kumfikisha mtu kaburini. Anayelisema pasipo kujua ana kosa lake. Anayelisema baada ya kusoma haya ana kosa kubwa zaidi.

Na pepo je? Kanisa halikani kwamba pepo wapo. Lakini Kanisa lenyewe ndilo lililoweka uzio. Sheria yake, katika kanuni ya 1172, yakataza mtu ye yote kumpunga mwenye pepo pasipo ruhusa ya pekee ya Askofu, na padre aliyepewa ruhusa hiyo huagizwa apambanue kwanza ugonjwa na jambo lisilo ugonjwa, kwa msaada wa waganga. Mzee aliyepoteza kumbukumbu, anayeona watu wasiokuwapo, anayepiga kelele jua likichwa, apelekwe hospitali. Kumfunga kamba, kumpeleka toka kwa mwombezi huyu hata kwa mwombezi yule, kumfungisha chakula ati pepo atoke, ni kumtesa mgonjwa kwa jina la Mungu. Mitume walipomwuliza Bwana Wetu juu ya yule kipofu, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana hakukubali swali lenyewe.

Sasa twarudi kwenye barua. Je, bibi huyu atenda dhambi anapomtukana mkaza mwana? Mafundisho ya Kanisa ni wazi, na kila mtoto aliyejitayarisha kwa Komunyo ya kwanza ameyasikia: ili dhambi iwe ya mauti, jambo liwe zito, mtu ajue vema, na akubali kwa hiari yake. Katekisimu, katika namba 1735, yaendelea kusema kwamba hukumu ya tendo huweza kupungua au kuondoka kabisa kwa sababu ya kutojua, hofu na mambo mengine ya nafsi. Bibi hajui vema. Hiari yake imefungwa. Kwa hiyo matusi yale hayaandikwi juu yake, na mkaza mwana asiyaandike. Sala zake za miaka sitini, na uji aliowapikia watoto wa wengine, na safari zake za kwenda Misa kwa miguu, hizo ndizo zake. Asinyimwe Komunyo kwa sababu tu ya kusahau sala, maadamu ajua kwamba Mwili wa Bwana si mkate wa kila siku. Wala asinyimwe Mpako wa Wagonjwa. Paroko aitwe mapema, asingojewe hata dakika ya mwisho.

Na wewe, mama uliyetuandikia. Wauliza kama ni dhambi kutokumpenda tena. Twakujibu hivi: je, asubuhi ya leo ulimpa uji? Wajua alisema una sumu. Ulifanya nini? Twadhani ulionja wewe kwanza mbele yake, kisha ukampa. Kama ndivyo, upendo umo pale, ingawa moyoni husikii utamu wo wote. Kusikia chuki inapita kifuani baada ya usiku wa tatu bila usingizi si kosa la hiari. Ungempiga, ungemfungia njaa, ungemwacha atange barabarani, hapo tungesema neno jingine. Yoshua bin Sira katika sura ya tatu amwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua. Mtakatifu huyo alijua tangu kale kwamba akili za wazazi huweza kupungua, na hakudai kwamba ni jambo jepesi.

Lakini angalia, agizo lile laelekezwa kwa mwana. Mume wako yuko wapi katika barua hii? Hukumtaja ila mara moja. Na ndugu zake watatu walioko mjini? Waandika kwamba hutuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Fedha ni kitu chema. Dawa na sabuni hazipatikani bure. Ila amri ya nne ya Mungu haikupewa wakaza wana peke yao, wala hailipwi yote kwa simu. Mwana akae usiku mmoja na mama yake, asikie mwenyewe anavyoitwa mwizi, kisha ndipo atakapojua amtumie mkewe maneno gani ya shukrani. Twasema hivi tukijua kwamba baadhi ya hao wana husoma gazeti hili.

Kwa kazi ya kila siku, wauguzi wazoefu hufundisha mambo ambayo bibi zetu nao waliyajua. Usibishane naye. Akisema kanga imeibwa, usiapie Mungu kwamba hukuichukua. Sema, "Haya mama, tuitafute pamoja," mtafute, na njiani mwoneshe kuku au mtoto, naye pengine atasahau. Taa ndogo iwake usiku, kwa sababu giza humzidishia hofu. Visu na mafuta ya taa viwekwe mbali. Tena chunguza kama ana jino bovu, au choo kigumu, au kiu, maana asiyeweza kusema "naumwa" husema "mwizi wewe". Na hili tafadhali lishikwe na kila nyumba: mzee akibadilika ghafula, kwa saa chache au siku mbili tatu, akachanganyikiwa kuliko jana, usidhani ni ugonjwa ule ule umesonga mbele. Pengine ni malaria, pengine ni homa ya mapafu, pengine ni ugonjwa wa njia ya mkojo, pengine ameanguka akapiga kichwa, pengine ni dawa mpya aliyopewa. Mambo hayo hutibika, lakini yakicheleweshwa huua. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Kuhusu majirani, tumekwisha kumwandikia paroko. Ametujibu kwa simu kwamba Dominika hii baada ya Misa ya pili atakwenda nyumbani pale na Komunyo, kwa miguu, kwa njia kuu, mchana, ili watu wote waone padre aingia kwa bibi bila hofu na akaa na kula. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa makamo aliyemtunza baba yake mwenyewe katika ugonjwa kama huu, ameomba kuongozana naye. Naye ameahidi kwamba kila Jumamosi atakuja kukaa na bibi tangu asubuhi hata adhuhuri, ili mama aliyetuandikia apate kulala.